Kinyozi Niliyeshuka Naye

Nyumbani,
nyuma ya shule ya msingi.
Jumapili, 14 Agosti

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zikukute mzima wa mwili na mchangamfu wa roho. Kile kifua kimepona? Na baridi ya huko umeizoea, au bado unalala na soksi? Sisi hatujambo. Mkaza mjomba wako anasumbuliwa na goti, lakini mdomo ni mzima kabisa, na ndio anaotembelea siku hizi.

Barua yako tuliisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mama yako alilia tusisikie kitu. Usishtuke, ni furaha tu ya kusikia umepandishwa cheo hapo karakana.

Umeniuliza kuhusu huyo fundi mwenzako mnayelala chumba kimoja. Anakudadisi juu ya imani yako, mkibishana anakushinda kwa hoja, na sasa unaona heri ufunge mdomo. Nilikuwa nimeanza kukuandikia maelezo marefu, unanijua. Lakini wiki iliyopita nilisafiri, na yaliyonikuta njiani yamenifanya niyachane.

Nilikuwa nakwenda kwa daktari wa macho. Kwenye treni nilikaa mkabala na mwanamume wa makamo, viatu vinang'aa, amepakata kijisanduku cha ngozi kama mtoto mchanga. Nikatoa mkate wangu, nikainamisha kichwa kuombea chakula. Alisubiri kwa adabu mpaka nikasema amina, ndipo akaniambia, "Mzee wangu, nakuomba kitu kimoja tu. Usinihubirie. Safari ni ndefu, na mimi nimehubiriwa tangu tumboni."

Kumwambia mwalimu asifundishe ni sawa na kumwambia kuku asichakure. Nikamhakikishia kwamba sitahubiri, nitaeleza tu. Nikaanza na uumbaji, nikaingia anguko la mwanadamu, nikaugawa wokovu katika vipengele. Nilipomaliza kipengele cha pili nikauliza, kwa mazoea ya darasani, "Mpaka hapo tuko pamoja?"

Yule bwana akanyoosha kidole juu. "Mwalimu, naomba ruhusa niende chooni."

Viti vya jirani vyote vikaangua kicheko. Akaenda, na tukapita stesheni mbili hajarudi.

Aliporudi nilimtaka radhi, nikamkatia mkate, nikamweleza habari za macho yangu badala ya habari za roho yake. Kisha nikamuuliza kuna nini sandukuni, maana hakuliweka chini hata mara moja. Akalifungua: wembe, brashi, mkasi, jiwe la kunolea. Ni kinyozi. Alikuwa anakwenda kumnyoa baba yake.

Hapa nikueleze vizuri, maana ndipo penye uzito. Baba yake ni mzee wa kanisa, mtu wa msimamo. Huyu alipoacha kusali, baba alimwambia asikanyage nyumbani mpaka amrudie Mungu. Naye hakukanyaga. Miaka ikapita, kila mmoja akijifanya jiwe. Sasa mzee amelazwa, madaktari wamewaambia ndugu wajiandae, na ndevu zimemjaa usoni kwa sababu hataki mkono wa mtu mwingine. Muuguzi akimkaribia na wembe, mzee anauliza, "Kinyozi wangu yuko wapi?" Mwishowe dada mtu ndiye aliyepiga simu.

"Najua ataniuliza kama nimemrudia Mungu," kinyozi akaniambia. "Nikisema ndiyo, nimemdanganya mtu anayekufa. Nikisema hapana, nimemmaliza kabla ya siku zake. Haya Mwalimu, eleza na hilo."

Alikuwa na mpango. Wao vinyozi wana mwiko: wembe ukiwa usoni mwa mtu hakuna mazungumzo, mteja hasemi na kinyozi hajibu, kwa maana mkono hufuata moyo. Basi angenyoa polepole, wembe usibanduke, mpaka mzee achoke alale. Kisha angeondoka kimyakimya.

Nilishawishika, mpwa wangu, kumwongoza sala ya toba palepale kitini, kabla ya stesheni yake, ili lile "ndiyo" lisiwe uongo. Lakini imani si chanjo, umshike mtu mkono umdunge kabla hajavuka mpaka. Nikamwambia tu ninachokiamini. Kwamba Mungu hahitaji kusaidiwa na uongo wa mtu yeyote. Na kwamba Bwana Yesu, alipojua saa yake imekaribia, hakuwapa rafiki zake mtihani aone nani anaamini sawasawa. Alijifunga taulo, akamimina maji kwenye beseni, akawaosha miguu.

"Hiyo ni kazi ya watu wa fani yako," nikamwambia. "Maji na taulo."

Akafikiri. "Na yule aliyemuuza, alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Akamwosha na yeye?"

"Akamwosha."

Hakuuliza kingine. Nami, kwa neema ya Mungu, sikueleza kingine.

Treni ikasimama kwenye stesheni yake. Watu wakashuka na mizigo, wengine wakapanda, yeye hajainuka. Mkaguzi wa tiketi akapita akamwambia, "Bwana, si ndiyo hapa kwako?" Akazidi kulikumbatia sanduku.

Nikachukua mkoba wangu, nikasimama. "Twende. Mimi nitakushikia beseni."

"Acha mzaha, Mwalimu. Na daktari wako?"

"Macho haya yamengoja mwaka mzima, yatangoja wiki. Inuka, treni haina mjomba!"

Tukashuka.

Wodi ilikuwa ghorofa ya pili, vitanda vimebanana, sakafu bado mbichi kwa dawa. Mzee alikuwa amebaki mifupa na ndevu. Alipomwona mwanawe aliinua kidevu taratibu, kama mteja aliyekwisha kaa kitini. Dada mtu akaleta maji ya moto, nikapokea beseni. Kinyozi akapaka povu, akaanza. Nimenyolewa maisha yangu yote, sijapata kuona mtu akinyolewa vile. Alivuta ile ngozi kwa vidole viwili kana kwamba ni karatasi iliyolowa.

Shavu moja likaisha. Alipoanza la pili, mzee akauvunja mwiko.

"Umemrudia Mungu?"

Wembe ulikuwa chini ya sikio. Angeweza kunyamaza, na nani angemlaumu? Kinyozi akauondoa wembe, akaufuta, akaulaza juu ya taulo.

"Bado, baba. Lakini kwako nimerudi."

Mzee alimtazama, povu linamkaukia usoni. "Sasa ndiyo uniache hivi," akasema, "nusu babu, nusu bwana harusi?"

Dada mtu akacheka na kulia kwa pamoja. Kinyozi akashika tena wembe.

Kazi ilipokwisha, mzee aliushika ule mkono wa mwanawe akasali. Nilidhani atamwombea aongoke, hata amina yangu nilikuwa nimeiweka tayari. Hakuomba hilo. Alimshukuru Mungu kwa mkono ule, basi. Kinyozi hakusema amina, lakini mkono hakuuondoa.

Kwa hiyo, mpwa wangu, usifunge mdomo. Lakini huyo fundi, kabla hujamjibu anachouliza, jua kwanza anachokiogopa, na pale anapoogopa kwenda, mwulize kama anataka mwenzi. Mengine si kazi yako wala yangu. Kama kinyozi ataamini siku moja, sijui. Namwombea, nawe umwombee. Jana alinipigia simu. Mzee yupo bado, na kila asubuhi anadai anyolewe, hata pasipo na ndevu.

Mama yako anakusalimu sana, anauliza unakula nini. Dada yako na shemeji yako wanakusalimu pia. Mjukuu wangu, yule tunayemwita Mheshimiwa, ameota meno ya mbele na sasa amri zake zinasikika vizuri zaidi. Mkaza mjomba wako anakupa pole kwa barua ndefu. Anasema nilikwenda kutibiwa macho nikarudi na hadithi.

Mungu akutangulie karakana kila asubuhi, na jioni akukute chumbani na amani.

Ni mimi mjomba wako, akupendaye hata anapoeleza mno,

Mwalimu