Mkono Juu ya Mkono Wangu

Hereford, 4 Juni 1872

Shangazi mpendwa,

Hujambo na hicho kifua? Sisi wazima, ila Mama analalamikia goti.

Edmund, mchumba wangu, ameleta mchoraji. Picha itatundikwa kwao kabla ya harusi. Inanionyesha nikivuta upinde bustanini, naye yuko nyuma yangu, ameushika mkono wangu wa kushoto, ule unaoshika upinde, eti ananifundisha. Shangazi, mimi ndiye niliyemfundisha hata kushika upinde! Nilimweleza mchoraji, akacheka. Anasema mwanamke anayelenga shabaha peke yake anatisha ukutani. Tangu hapo situlii. Wewe ni mchoraji, niambie: nakasirikia rangi tu?

Binti wa kaka yako,
Letitia

London, 11 Juni

Mwanangu Letitia,

Salamu zimefika, kifua kimepoa. Mikono ya namna hiyo hata mimi nimeichora, maana picha za wanawake wakiwa michezoni haziuziki bila mwanamume pembeni. Rangi haina neno. Muulize Edmund kama naye anaiamini hiyo picha. Na huyo mchoraji hajawahi kurusha mshale: mkono ukikaa pale, kamba ya upinde itauchapa.

Shangazi yako,
Harriet

Hereford, 2 Julai

Shangazi,

Natumai u mzima. Nisamehe kwa ukimya. Nilimuuliza Edmund. Akasema nisijisumbue, nikishaolewa upinde utatundikwa chini ya picha uwe pambo. Nikaendelea kushona gauni la harusi, na nyumbani wakafurahi kwamba nimetulia.

Jana, kwa akina Edmund, picha ilifunuliwa. Akawasimulia wageni alivyonifundisha, nao wakaomba tuwaonyeshe. Tukatoka bustanini, akanishika palepale pa kwenye picha.

"Edmund, toa mkono, utaumia."

"Wewe vuta tu, mpenzi. Mwalimu ni mimi."

Nikavuta, nikaachia. Kamba ikamchapa, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Mshale ukapotelea kwenye mawaridi ya mama yake. Wageni walicheka, nami nikacheka, na hicho ndicho alichoshindwa kunisamehe. Anataka nimwombe radhi mbele yao, kisha upinde niuchome. Mama ananisihi nikubali. Pete nimeivua, iko hapa mezani, na sijui kesho nitaivaa au la. Naogopa, Shangazi.

Letitia wako

London, 4 Julai

Mwanangu,

Habari za afya tutaulizana ana kwa ana. Nimeng'oa kabichi zote nyuma ya nyumba, na shabaha yako inaenea pale vizuri. Nimeshaanza kukuchora. Umevuta upinde, na nyuma yako kuna majani tu.

Barua hii usiijibu. Panda garimoshi.

Shangazi yako