Usukani wa Gari Letu Jekundu

Senge wangu, dada wa Baba,

Sisi huku ni wazima, na cherehani yako pia ni nzima. Najua ungeuliza habari za cherehani kabla ya kuuliza za watu, ndiyo maana nimeitaja mapema. Ule mkanda uliokuwa ukiteleza nimeubadilisha, na mafuta natia kila Jumamosi jioni kama ulivyoniagiza. Kibomet yetu hapa Kitale ni ile ile, ila barabara imechimbika zaidi, na jirani yetu wa makaa amehamia Tongaren kulima mahindi. Mitumba imejaa sokoni Kitale hadi watu wanashangaa kwamba bado kuna mtu anayeshona gauni kutoka mwanzo. Wengi wananiletea nguo za kupunguza na za kutia zipu. Lakini sare za shule zinakuja, magauni ya harusi yanakuja, kwa hivyo tunakula na kushiba.

Ila sikuketi hapa kukuandikia mambo ya zipu. Nakuandikia kuhusu lile gari letu dogo la plastiki.

Umetuacha mwaka sasa, na muda huo wote sikuligusa. Mara ya mwisho nilipokuja kukuona nyumbani Myanga, ulikuwa umekaa juani na shali mabegani, gari liko mapajani mwako limeviringishwa kitambaa cha maua. Ukaniambia, "Nekesa, hii gari uimalize. Usiniachie kazi nusu." Nikasema ndiyo, Senge. Niliisema kirahisi tu, kama mtu anayedhani wakati bado upo. Wiki haikuisha, Baba akatuma mtu Kitale aje aniite.

Baada ya mazishi nililirudisha Kibomet na kuliweka juu ya kabati, kitambaa chake kikiwa hivyo hivyo. Nisikudanganye kwamba nilikosa nafasi. Niliogopa. Hiyo ndiyo kazi pekee tuliyoianza pamoja ambayo haikuwa imeisha. Ikiisha, nitabaki na nini cha kufanya na wewe? Basi kila nikifagia nililitazama kule juu, nikaendelea kufagia.

Unakumbuka lilivyokuja? Ilikuwa Aprili, mvua imekaza, watu wametia kila kitu shambani na hakuna aliyekuwa na haja ya nguo mpya. Nilikuwa nimetoka Fomu Foo, sekondari imeisha, nimetumwa kwako nijifunze kushona, na nilikuwa nimenuna kwa sababu nilitaka kwenda chuo. Yule mwalimu Mmarekani aliyekuwa akifundisha shule ya wasichana alikuwa anarudi kwao, anagawa vitu vyake. Ulikuwa umemshonea magauni mengi, naye alikupenda. Akakuletea sufuria, blanketi, na lile boksi. Alisema alilinunua ajifurahishe nalo likizo, lakini hakupata subira.

Juu ya boksi kulikuwa na picha ya gari la mbio la Kimarekani, jekundu, refu mbele, fupi nyuma, limelala chini kabisa. Uliitazama ukatikisa kichwa. "Hii ikipita hapa Kibomet siku kama ya leo, itakwama tumbo kwenye matope." Halafu ukafungua. Ndani hamkuwa na gari. Mlikuwa na vipande vya plastiki nyeupe vimeshikana kwenye vijiti vyake, vingine vidogo kama punje ya mchele, vingine vinang'aa kama kijiko kipya, na karatasi kubwa ya michoro yenye namba. Mimi nilikata tamaa papo hapo. Wewe uliikunjua ile karatasi, ukailaza mezani ukaipapasa kwa kiganja, ukacheka. "Si hii ni karatasi ya kukatia gauni tu, bana. Leta mkasi mdogo."

Tangu hapo sikununa tena. Wiki nzima za mvua tulikaa meza ya kukatia, wewe upande huu, mimi upande ule, chai katikati. Gundi iliyokuja na boksi ilikuwa imekauka ikawa jiwe. Tukajaribu gundi ya fundi viatu, ikavuta nyuzi nyuzi kama mlenda na haikushika kitu. Ni mimi niliyepindua ile chupa ya dawa ya kutoa rangi ya kucha, ambayo bibi harusi mmoja aliisahau siku ya kujaribu gauni lake. Ikamwagika juu ya injini. Nilikuwa natafuta pa kukimbilia, kumbe plastiki ilikuwa imelainika na vipande viwili vimeng'ang'aniana, havitoki. Hukunigombeza. Ulitoka nje kwenye mvua ukarudi na unyoya wa kuku, ukauchovya, ukapaka pembeni mwa kipande kimoja, ukakibana na kingine kwa pegi ya kuanikia nguo. Ulihesabu kimya kimya. Ulipoachia, vilikuwa kitu kimoja. Ukaniangalia hivi, umeinua nyusi, kama umeiba embe.

Rangi yake ni ya kucha pia. Ilitafuna plastiki kidogo, ikaacha mikunjo pale juu ya gurudumu la nyuma, nawe ukasema gari lolote la Kitale lina mikunjo. Viti ukavishonea bitana nyeusi iliyobaki kwenye koti la mzee wa kanisa. Alikuja kuchukua koti lake gari likiwa pale mezani, akalisifu sana, asijue kwamba koti lake lina ndugu humo ndani.

Halafu tukafika kwenye usukani, na hapo ndipo tulipogombana.

Mchoro ulionyesha usukani kushoto. Nilikuambia magari yao ni hivyo, wanaendesha upande mwingine wa barabara. Ulikataa katakata. "Ati dereva akae kushoto? Kwani yeye ni tanboi, msaidizi wa dereva?" Nikakuonyesha namba kwenye karatasi. Nikakuonyesha picha ya boksi. Ukasema hata mtu akikuletea kitambaa cha Amerika, gauni unapima kwa mwili ulio hapa. Hii gari imekuja Kitale, itaendeshwa Kitale. Ukapasha pini moto, ukatoboa upande wa kulia, ukaweka usukani ulipotaka. Dashibodi ikabaki na saa na mishale yake yote kushoto na dereva amekaa kulia. Nilikuambia dereva wako atalazimika kumuuliza abiria anaenda kasi gani. Ukajibu, "Si ataulizia? Mdomo ni wa nini?"

Miaka yote iliyofuata sikukuacha upumue juu ya huo usukani. Kila mteja akilisifu gari, nilikuwa namwonyesha. Nawe kila mara ulijibu hivyo hivyo kwamba mimi ni mtu wa karatasi.

Jambo lingine lilikuwa ni lile la kutomalizia. Kila kitu kilikuwa tayari, kilichobaki ni kushikisha bodi ya juu kwa ile ya chini. Nilikuwa nimeshauchovya unyoya. Ukanizuia mkono, ukachukua uzi mwekundu, ukaishikiza bodi kwa uzi tu, mbele na nyuma, kama tunavyoshikiza nguo ya kujaribu. Ukasema nguo haimaliziwi kabla mwenyewe hajaja akaivaa akageuka. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya duka, hata ya kaptura ya mtoto. Nikakuuliza, basi huyu mwenye gari ni nani, yule mwalimu si ameshapanda ndege? Ukasema atakuja. Nilidhani unanitania. Gari likakaa kwenye rafu miaka na uzi wake, na mimi nikaacha kuuliza.

Ulipougua ukaenda Myanga kwa Baba, ulipakata cherehani kwa macho na gari kwa mikono. Cherehani uliniachia. Nilikuwa nakuja Jumapili, Jumatatu narudi kushughulikia duka kwa sababu ulinifukuza. Mama aliniambia baadaye kwamba siku zile ulimwomba mkebe wa vifungo, akadhani unataka kutengeneza blauzi, akafurahi kwamba unapata nguvu.

Nikwambie pia jinsi siku ya kugawa vitu vyako ilivyokwenda, kwa sababu hukuwepo na ungeicheka. Mashangazi walikaa kwenye mikeka, magauni yako yakapita mkono kwa mkono, kila mmoja akidai lile la zambarau uliahidi kumpa yeye. Uliwaahidi wote, Senge. Gari lilipotajwa, mtoto wa binamu akaanza kulilia, na wakubwa wakaona si neno, apewe achezee. Ni Baba aliyesema, bila kuinua kichwa, "Hiyo ni ya Nekesa. Iko na kazi haijaisha." Basi, ikawa hivyo. Mtoto akapewa mkufu wa shanga akanyamaza.

Jumamosi hii tunakwenda Myanga kwa maombi ya kukukumbuka. Baba ametuma salamu, na mwisho wa salamu ameuliza, gari limeisha? Swali dogo tu, lakini usingizi wangu liliuharibu. Leo baada ya chakula cha mchana mvua imeanza kunyesha, mvua ile ile ya kufukuza wateja, nikajiambia, sasa Nekesa, simama. Nikashusha gari. Nikalilaza kwenye meza ya kukatia. Chupa nilikuwa nayo, unyoya nilikuwa nao. Nikafungua kile kitambaa cha maua na kikanukia wewe, sabuni na mafuta ya cherehani, na nikalia kidogo, nisikufiche. Nikafuta macho. Nikashika mkasi mdogo nikakata ule uzi mwekundu, mbele, halafu nyuma, nikainua bodi.

Usukani wako ulikuwa pale kulia, mahali pake.

Na kushoto palikuwa na mwingine.

Nilidhani machozi yananichezea. Nikaliinua gari hadi dirishani. Kifungo cheusi cha shati, cha matundu manne, kimekaa juu ya pini uliyoipinda, na kwenye matundu umepitisha uzi mwekundu kwa ule msalaba wako wa kushonea vifungo, ambao hakuna mtu mwingine Kitale nzima anaukaza namna ile. Mikono yako ilikuwa inatetemeka siku zile hata kikombe kilikushinda. Msalaba umenyooka.

Senge, nilicheka. Nilicheka hadi msichana mpya ninayemfundisha kushona, Chebet, akaacha kupiga pasi akaja kutazama. Miaka yote ile unaniita mtu wa karatasi, kumbe ulikuwa umenisikia. Hukuondoa wako, hiyo nisingeitegemea. Uliniwekea wangu pale nilipokuwa nikisema siku zote, mbele ya saa na mishale. Na huku mimi mwaka mzima naogopa kulimaliza gari, nikidhani nikilimaliza nitakuwa nimekumaliza wewe, ulikuwa umekaa humo ndani unanisubiri nije nijaribu.

Kwa hivyo nilijaribu. Niliweka ncha ya kidole juu ya kile kifungo, nikakigeuza. Kinazunguka. Chebet akauliza ni gari gani lina madereva wawili, nikamwambia ni la hapa Kibomet.

Halafu nilichovya unyoya nikapaka pembeni, taratibu, nikaweka bodi, nikabana kwa pegi. Nilihesabu kimya kimya kama wewe. Nilipoachia, lilikuwa kitu kimoja. Nilikuwa nimejitayarisha kwa uchungu mkubwa, na haukuja. Kilichokuja ni kama vile siku tulipokuwa tukimkabidhi bibi harusi gauni lake, halafu tunarudi kunywa chai. Nimekunywa chai yako pia, nisamehe, nilimimina vikombe viwili kwa mazoea.

Jumamosi nitalipakata mapajani hadi Myanga, nikuonyeshe wewe kaburini, nimwonyeshe Baba, kisha nilirudishe kwenye rafu yake juu ya cherehani. Halitakwenda kwa mtoto wa mtu. Chebet naye nitamfundisha kushikiza kwa uzi mwekundu, na nitamwambia asimalizie nguo kabla mwenyewe hajaja. Akiniuliza kwa nini, nitamwonyesha ndani ya gari kupitia dirisha lake. Na mteja akilisifu na kuuliza kosa hili ni la nani, nitasema halina kosa, ndivyo lilivyopimwa.

Pumzika, Senge. Kazi nusu haipo tena. Mimi nitashika usukani wa kushoto, na nitaangalia barabara. Wa kulia ni wako, sitaugusa.

Ni mimi,
Nekesa wako