Shafti za Kaka Zimepimwa Chuoni

Mpendwa Mama Scolastica, naomba msaada wako maana nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi. Mimi ni mwalimu katika chuo cha ufundi hapa Ifakara, nafundisha wanafunzi wa uhandisi uimara wa vyuma, na tunayo mashine ndogo ya mezani ya kupima msokoto, unabana kipande cha chuma ncha zote mbili, unazungusha mkono wa mashine, na saa yake inakuonyesha chuma kinastahimili kusokotwa kiasi gani kabla ya kukatika. Muhula huu vipande vya kupimia vilituishia, nikamwomba kaka yangu Vitus mwenye karakana Lumemo, ambaye ndiye aliyenisomesha baba alipofariki, na yeye hutengeneza shafti za magurudumu ya pawatila, yale matrekta madogo ya mkono yanayovuta matela, kutokana na ekseli chakavu za malori, anazipasha moto hadi ziwe nyekundu kisha anazitumbukiza kwenye pipa la maji baridi, na wakulima wanazigombania kwa sababu hata ukizipiga tupa hazikwaruziki. Akanichongea vipande kwa njia hiyohiyo, akanikabidhi akiwa na furaha tele, akasema, "Wanafunzi wako wasipime vyuma vya dukani, wapime chuma kilichokomaa."

Mama, chuma cha kawaida kwenye ile mashine hujisokota mizunguko kadhaa ndipo kikatike, lakini cha kaka hakikufika hata robo mzunguko, kikakatika mshazari kama chaki, na vilivyofuata navyo vivyo hivyo, na wanafunzi sikuwaambia vimetoka kwa nani. Sababu naijua, ni lile pipa, chuma kinakuwa kigumu lakini hakistahimili, na dawa yake ni kukirudisha kwenye moto wa wastani kikishatoka majini, basi. Lakini Jumapili baada ya misa kaka aliniuliza, "Wanafunzi wamesemaje?" nikamjibu, "Wameshangaa sana, kaka," akacheka kwa raha nami nikashindwa kuendelea. Sasa anawaambia wateja kwamba shafti zake zimepimwa chuoni, na juzi mwanafunzi wangu Alphonce, kwao Michenga, kaniuliza, "Madam, baba kanunua shafti Lumemo, fundi kamwambia zimepimwa hapa kwetu, mbona sisi hatukuzipima?" nikamwambia tuendelee na somo, na huku mavuno yameanza na juu ya matela watu wanakaa juu ya magunia ya mpunga. Nikisema namvunjia kaka heshima na kumharibia kazi, nikinyamaza usingizi hauji. Nifanyeje?

Digna

*

Digna, majina yote nimeyabadilisha, lakini usijifiche humo. Pole kwa mzigo huo. Kumpenda kaka aliyekulea si kosa, na wengi wetu tungemeza maneno pale nje ya kanisa. Lakini "wameshangaa sana" ni jibu la kijanja, mwalimu, na ujanja huo ndio unaouza shafti sasa. Kaka yako hadanganyi mtu. Anarudia alichokisikia kwako.

Unasema unamlindia heshima. Heshima ipi? Siku gurudumu litakapochomoka na tela kupinduka, watu wa Michenga hawatakuja kwako na saa yako ya kupimia, watakwenda kwenye karakana yake. Na wewe utakuwa ulijua.

Anza na Alphonce, leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Mwambie ampigie baba yake simu, pawatila isibebe mtu wala gunia hadi shafti ibadilishwe. Usimwambie tuendelee na somo. Somo lenyewe ndilo hilo.

Kisha nenda Lumemo, mpe kaka shikamoo yake, umwombe aje chuoni, aje peke yake, bila wanafunzi wala wifi yako. Usimhutubie. Mbanie kipande cha dukani azungushe mwenyewe, halafu mbanie cha kwake. Fundi akishika chuma mkononi haambiwi mara mbili. Kikikatika, mwombe radhi kwa kunyamaza kwako, umweleze habari ya moto wa wastani, na mwende wote wawili kwa kila aliyenunua, mzirudishe shafti karakanani. Atanuna, tena pengine muda mrefu. Mwache anune.

Alikusomesha ili siku moja umwambie asichokijua. Siku yenyewe imefika, nawe unamwambia wanafunzi wameshangaa.