Jumapili za Jazi na Karatasi za Ngatia

Jumapili, 4 Mei

Kanisa, chakula cha mchana mukimo wa jana, kisha kwa Mwalimu Gachanja saa tisa. Koti zito. Baridi ya leo si mchezo.

Santuri moja kwapani kama desturi yetu. Kila mtu huleta ile anayoisikiliza wiki hiyo, inachezwa upande mmoja, na hakuna anayefungua mdomo mpaka sindano inyanyuke. Ndipo aliyeileta anasema kwa nini ameileta. Tuko wanne. Mwalimu, mwenye nyumba, alifundisha hesabu miaka mingi na bado anaongea kama ameshika chaki. Kirit ana duka la vitambaa mjini, nanunua kwake tangu nianze ushonaji. Nyawira ni nesi, mdogo wetu, amejiunga mwaka jana. Huleta muziki kwa simu na Mwalimu hukunja uso. Na mimi, fundi cherehani, mjane wa Ngatia. Nakalia kiti chake hapo kwa Mwalimu tangu tumzike, miaka miwili sasa.

Leo nilipeleka ile ya jalada la kijani, yenye mtu aliyepakata tarumbeta kama mtoto mchanga. Nikasema tarumbeta hii haipigi kelele, inauliza, na anayeuliza kwa upole hujibiwa. Nyawira, ambaye huniita Cucu, yaani bibi, akasema, "Cucu, wewe unaongeanga kama kitabu!" Nikacheka nao.

Si maneno yangu. Ni ya Ngatia.

Jumanne, 6 Mei

Sketi kumi na nne za shule. Goti linauma.

Niandike ukweli hapa kwa kuwa sina pengine pa kuusema. Baada ya mazishi nilipanga santuri zake. Ndani ya kila jalada nikakuta kikaratasi kimekunjwa mara mbili. Mwandiko wake mdogo, wino wa bluu, sentensi tatu au nne juu ya muziki ule. Ngatia! Mtu wa kigugumizi, ambaye mezani hakunipa maneno kumi. Nilikaa sakafuni nikasoma mpaka miguu ikafa ganzi. Nilijua Jumapili alikwenda kwa Mwalimu, nikadhani huko pia alikaa kimya; nikajua karatasi alijiandikia mwenyewe, kama mimi ninavyojiandikia hapa.

Mwalimu aliponialika Jumapili moja nikakae nao, nilikwenda na karatasi moja kwenye kibeti. Nikaikariri njiani. Sijaacha tangu siku hiyo. Muziki wenyewe siuelewi. Akiwa hai kazi yangu ilikuwa kumwambia apunguze sauti, kelele ya cherehani inatutosha.

Ijumaa, 9 Mei

Nimehesabu. Zimebaki karatasi tano. Nyingine zote nimeshazisema.

Naogopa. Gathoni binti yangu aliolewa Kangari, ana majani chai yake na watoto wake, hupiga simu Jumamosi. Siku nyingine zote naongea na sketi. Jumapili ndipo naulizwa swali na watu wanangoja jibu langu. Wakijua sina kitu kichwani watanivumilia kwa adabu wiki mbili tatu, halafu watasahau kuniita. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu nimeshaipima.

Jumapili, 11 Mei

Zimebaki nne.

Kirit alileta piano tupu, Mwalimu akasema huyo mpigaji anajionyesha. Wakazozana kama watu wa mpaka wa shamba. Nyawira akatia mafuta motoni. Nilipoongea mimi, wakatulia. Kirit akavua miwani akaifuta kwa shati. Huwa hivyo. Nadhani ni heshima kwa mjane.

Jumatano, 14 Mei

Nimejaribu kusikiliza kwa bidii, nijifunze kabla karatasi hazijaisha. Nimekaa kitini mikono magotini, kama naungoja mwito kwa daktari. Dakika kumi, usingizi. Nimeamka sindano inakwaruza.

Mimi si mtu wa hii kazi.

Jumapili, 18 Mei

Nimeumbuka.

Asubuhi kulikuwa na harusi kanisani, nikabeba kibeti kizuri. Karatasi ikabaki katika kile cha kila siku. Nilijikuta mlangoni kwa Mwalimu na santuri mkononi bila hata neno moja. Nikajipa moyo, nilikuwa nimeisoma jana mara mbili.

Upande ukaisha. Nikaanza vizuri. Nikasema mpiga saksafoni huyu ametoka mbali kwa miguu, na hana haraka ya kufika, kwa sababu. Nikakwama. Kwa sababu gani? Hakuna. Nikaangalia zulia, nikaangalia chupa ya chai.

Mwalimu alikuwa amefumba macho. Akamalizia, polepole: "Kwa sababu anajua nyumbani walishalala zamani."

Neno kwa neno. Ndivyo ilivyo kwenye karatasi.

Nikamuuliza ameyajuaje hayo. Akafumbua macho kama mtu aliyekamatwa. Kirit akainamia viatu vyake. Mwalimu akasema, "Mama Gathoni, Ngatia alituambia hiyo. Hapa hapa. Zote alituambia." Ati alikuwa anaandika nyumbani na kukariri, kwa sababu ya kigugumizi. Akishakariri, ulimi haukukwama. Kila Jumapili alikaa kwenye kile kiti akasema sentensi zake tatu nne, safi, kisha akakaa kimya.

Nikauliza wamejua tangu lini. Kirit ndiye aliyejibu. "Tangu siku ya kwanza, Mama."

Nyawira alikuwa anatuangalia mmoja mmoja, haelewi. Nikachukua koti. Santuri nimeiacha kwenye chombo.

Jumatatu, 19 Mei

Hasira. Nimevunja sindano mbili za cherehani na bado ni asubuhi.

Nilidhani nawadanganya. Kumbe wao ndio walionifungulia kama redio, wamsikie rafiki yao. Wakinimiminia chai, wakinyamaza, wakifuta miwani. Hawakuwa wakinisikiliza mimi. Ningekuwa kasuku ingekuwa sawa tu.

Aibu pia. Mwanamke wa umri wangu anakariri njiani kama mtoto wa shule ya Jumapili.

Na kuna lingine, ndilo linalouma zaidi. Kwao alikuwa na maneno. Aliyaandaa, akayakunja, akawapelekea. Mimi miaka thelathini na nane alinipa "chumvi" na "asante" na "kumekucha". Mbona mimi sikuandikiwa hata moja?

Jibu ninalo. Ningemwambia apunguze sauti.

Jumapili, 25 Mei

Sikwenda.

Saa tisa nilikuwa napiga pasi vitu ambavyo havikuhitaji pasi. Nyawira amepiga simu mara tatu, nimeiacha ilie. Baadaye ametuma ujumbe: "Cucu uko sawa? Mimi hiyo story sikuwa najua. Nilidhani ni zako. Kuja tu."

Sijamjibu.

Jumapili, 1 Juni

Sikwenda. Mvua. Nimefua mapazia, nayo hayakauki.

Jumanne, 3 Juni

Kirit amekuja. Mchana, amefunga duka. Kirit kufunga duka mchana! Nilidhani kuna msiba.

Alisimama mlangoni na mfuko wa chevda, vile vitafunio vyao vya kukaanga. Nikamwambia aketi, akakataa, akasema amekuja kuomba msamaha na msamaha haombwi mtu ameketi. Akaeleza kwamba baada ya mazishi, yeye na Mwalimu walikutana Jumapili nne wakashindwa kuongea. Wanacheza santuri, inaisha, wanaangalia kiti. Siku nilipokwenda mimi na kufungua mdomo, alirudi nyumbani akamwambia mkewe, leo Ngatia alikuja.

"Sisi tulikosa, Mama. Tulitaka yeye. Hatukuuliza wewe unataka nini."

Nilikuwa nimeyapanga makali yangu yote tangu siku ile. Yakaniishia. Maana mimi nami nilikuwa nafanya nini na zile karatasi? Nilikuwa nazisoma kwa sauti jikoni, peke yangu, nimsikie akiongea. Siwezi kuwaita wezi kwa kitu tulichoiba pamoja.

Akauliza, "Sasa wewe unasikiliza nini wiki hii? Si Ngatia. Wewe."

Nikamwambia hakuna.

"Basi kuja na hiyo hakuna yako."

Akaondoka mbio, wateja wake wako mjini. Chevda imejaa pilipili. Nimekula nusu mfuko nimesimama.

Nikalia kidogo. Si kwa ajili ya Kirit. Kwa ajili ya mtu aliyekuwa akikariri njia nzima ili asikwame mbele ya rafiki zake, na mimi nilikuwa namwita nyuma achukue mwavuli.

Ijumaa, 6 Juni

Nimetoa santuri bila kuangalia jalada. Karatasi imo ndani, sijaigusa. Nikaiweka, nikarudi kwenye cherehani. Sikukaa kusikiliza. Kukaa hakunifai, nilishaona.

Sketi ya buluu, mshono mrefu wa pembeni. Mara nikaona mshono umepinda. Mimi! Miaka arobaini sipindi mshono wa pembeni. Nikaufumua. Nikarudisha sindano ya santuri mwanzo kwa kuwa upande ulikuwa umeisha, nikashona tena. Ukapinda palepale.

Ni yule mpiga ngoma. Wenzake wanakwenda mwendo mzuri wa kutembea, naye kila baada ya muda anawavuta mkono, anawasukuma, kama ameacha maziwa jikoni. Mguu wangu ukawa unamfuata bila ruhusa yangu, cherehani inakimbia, kitambaa kinateleza. Nikamtukana kwa sauti. Nikacheza mara ya tatu nikiwa nimemtegea. Mara hii nilimngoja, nikanyanyua mguu kabla hajaanza fujo yake, nikamsikia mpiga piano nyuma yake akifanya vilevile. Anangoja. Anamwacha apite. Anaendelea na lake taratibu.

Huyo wa piano nampenda. Nimesema.

Nilipotazama nje kulikuwa giza. Mchana mzima. Na kwa muda, sijui saa nzima au zaidi, sikumfikiria Ngatia kabisa. Nimeshtuka. Nimeangalia picha yake ukutani kama mtu aliyechelewa kurudi. Halafu nimepasha githeri.

Jumapili, 8 Juni

Nimekwenda.

Ukungu mpaka uwanjani Ruring'u, hata mlingoti hauonekani. Karibu nirudi nilipofika lango la Mwalimu. Nyawira akanikumbatia bila kuuliza kitu. Mwalimu akanipa kikombe. Hakuna aliyetaja lolote, na mimi sikutaja.

Zamu yangu ikafika. Wakacheza upande. Kibeti kilikuwa mapajani, kitupu, leso tu na funguo. Sindano ikanyanyuka. Nikawaambia nimeisikiliza nikishona, na mpiga ngoma huyu hana adabu. Ameniharibia mishono mitatu. Anayejua kazi ni wa piano, kwa sababu anamvumilia.

Nikajua basi, nimekwisha.

Kirit akapiga paja. "Hapana! Mama, hapana! Hiyo yote bila yeye ni nini? Inalala!" Mwalimu akasema mimi niko sawa upande wa kwanza, lakini niongee baada ya kusikia wa pili. Nikamwambia sketi yangu iliharibika upande wa kwanza. Nyawira akasema, "Aki Cucu, huyo wa drums ndio mtamu!" Nikamwambia yeye ana haraka hiyohiyo, ndiyo maana anampenda. Wakacheza upande wa pili kunithibitishia. Haukunithibitishia. Kirit akasimama kabisa, anapiga ngoma hewani kunionyesha mahali, mahali gani hasa, sikiza, sikiza, sasa! Nikasikiza. Nikamwambia bado.

Chai imepoa kwenye chupa. Hatukufika kwenye santuri ya Mwalimu hata kidogo.

Nimerudi kwa miguu. Sauti imekauka. Nilipofika daraja dogo ndipo nikaona jambo: miaka miwili hakuna aliyewahi kunipinga pale. Leo wamenipinga wote watatu, na Kirit hajamaliza, kasema ataleta yake Jumapili kunifundisha.

Aje nayo. Yule mpiga ngoma hana adabu.