Mwalimu Mwingine Ndani ya Nyumba

Jumatatu, 3 Februari

Sehemu tena. Nusu jumlisha theluthi. Athieno aliamka na maumivu ya magoti, kwa hiyo leo darasa lilikuwa kitandani. Dawa, maji mengi, blanketi miguuni, ubao mdogo mapajani. Anaelewa, anasahau, anaelewa tena. Kabla ya saa nne akalala. Nikapika. Mchana tukarudi kwenye ngeli, na safari hii aliyesinzia ni mimi.

Hii ndiyo shule yetu tangu mwaka juzi. Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja. Kengele hakuna. Likizo pia hakuna.

Ana selimundu. Baridi ikimpata, damu inakwama njiani na mifupa inamuuma mpaka anashindwa kulia. Shuleni walijua. Siku ile alichelewa, wakamsimamisha uwanjani kwenye manyunyu pamoja na wachelewaji wengine. Tulilala hospitali ya Busia wiki nzima. Nikasema basi. Nikaacha kazi yangu ya chekechea, nikaanza kumfundisha mwenyewe.

Sijutii. Nimechoka tu.

Alhamisi, 6 Februari

Amekuja Mwalimu Barasa. Zamani tulifundisha pamoja, siku hizi yuko ofisi ya elimu. Serikali inajaribu shule ya mtandaoni kwa watoto wasioweza kufika darasani. Wagonjwa, wenye ulemavu. Ni bure. Kishikwambi wanatoa wao, intaneti wanalipia wao, walimu ni wa serikali na kila somo lina wake.

Nikamwambia asante, lakini Athieno tayari anasoma nyumbani.

"Mama Athieno, hiyo yako na hii ni vitu viwili," alisema. "Wewe unachagua vitabu, unachagua saa, mtihani unatunga na kusahihisha mwenyewe. Hii ni shule kama shule nyingine. Ana darasa, ana mwalimu, anaitwa jina asubuhi. Ila hatoki nyumbani."

"Na mimi nitakuwa nani humo?"

"Mzazi."

Alisema kwa wema, na chai akamaliza. Lile neno limenikaa kifuani tangu mchana.

Jumapili, 9 Februari

Baba Athieno anataka tukubali. Yeye ni wakala wa forodha, kutwa yuko mpakani na malori ya watu, Jumapili ndiyo siku pekee anayotuona mchana. Ameniuliza mwakani mtoto atafanyia wapi mtihani wa Gredi ya Sita. Mtoto wa nyumbani lazima mzazi abishe hodi shule za watu, aombe wamwandikishe. Huko mtandaoni anaandikishwa kama wenzake.

Nikamwambia maumivu hayafuati ratiba. Leo mzima, kesho yuko chini. Mimi nasubiri, wao hawatasubiri.

Akasema, "Umechoka."

Nilikasirika kwa sababu ni kweli.

Tukamwita Athieno mwenyewe. Hakuuliza habari ya kishikwambi wala ya masomo. Aliuliza, "Kuna watoto wengine?"

Tumekubali. Mimi nimekubali kwa mdomo.

Jumatano, 12 Februari

Mama mkwe amefika kutoka Mella, kijijini kwake upande wa Uganda. Alipita Tororo kwa dada yake kwanza, akavuka mpaka na viazi vitamu, wimbi na jogoo aliyefungwa miguu. Atakaa mpaka mvua za kupanda. Nimefurahi, mkono wa pili unasaidia. Nimechoka zaidi pia, kwa sababu kila kitu lazima nikieleze.

Nimemweleza ile shule. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Shule gani nakaa kwa simu?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mtoto naonyesha sura tu? Nani nashika mkono yake akiandika?"

Nikasema, "Mimi, mama," huku najua si mimi tena.

Jumatatu, 17 Februari

Siku ya kwanza.

Athieno alitoa sare ya shule ya zamani, akaivaa. Mikono imekuwa mifupi, kwapani inabana. Hakuna aliyemwomba avae. Nimemwacha.

Chumba cha mbele, meza karibu na dirisha la upande wa barabara. Tulijaribu kwanza dirisha la nyuma, lakini huko mtandao unaruka unashika wa Uganda na sura ya mwalimu inaganda mdomo wazi. Majirani wote wana shida hiyo hiyo.

Mwalimu wa darasa anaitwa Mwalimu Nekesa. Sauti nzuri, haina haraka. Akaita majina. Alipofika kwa Athieno, mtoto wangu alisimama. Alisimama kabisa, kiti kikaanguka nyuma. "Nipo, mwalimu."

Nikaenda jikoni. Nililia kidogo juu ya vitunguu ambavyo sikuwa nimevikata bado.

Ijumaa, 21 Februari

Sehemu zimeingia. Mwalimu wa hesabu alichora mkate, akaugawa, akaufuta, akaugawa tena. Asubuhi moja. Mimi nimehangaika nazo tangu Novemba.

Nimefurahi kwa ajili yake. Nimeumia kwa ajili yangu. Naandika yote mawili kwa kuwa hakuna mwingine atakayesoma.

Ana rafiki, Chebet, mtoto wa Baringo anayetumia kiti cha magurudumu. Wakati wa mapumziko wanaachiwa waongee. Wanacheka mambo ambayo mimi siyaelewi. Miaka miwili sijasikia kicheko hicho humu ndani. Nilipoingia na uji wakanyamaza wote wawili.

Mimi na mama mkwe sasa tunatembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yetu wenyewe. Jogoo akiwika, mama mkwe anatoka na kumfukuza.

Alhamisi, 27 Februari

Jana ilikuwa siku ya kliniki. Foleni ndefu, tumerudi alasiri. Leo ujumbe umeingia kwenye kishikwambi, Athieno akausoma kabla yangu. Mwanafunzi hakuonekana darasani. Akikosa mara kwa mara, nafasi yake itapewa mtoto mwingine anayesubiri.

Nilimwambia ni ujumbe wa mashine, unatumwa kwa wote. Nikampigia Mwalimu Barasa. Akasema ndivyo ilivyo, serikali inalipia kila kiti, lazima waonyeshe kuwa kimekaliwa. Aliomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeandika.

Nyumbani kwangu hakukuwa na kiti cha kupoteza. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikakata simu.

Athieno alikula chakula cha jioni huku akiusoma tena ule ujumbe.

Jumanne, 4 Machi

Kuna jambo silipendi. Anaomba nifunge mlango wa chumba cha mbele. Akitoka ananiambia yuko sawa kabla sijauliza. Usoni amepauka, lakini yeye hupauka mara nyingi. Nimemgusa paji la uso. Hana joto.

Mama mkwe ndiye aliyeona. Alinivuta jikoni, akanionyesha jagi la maji la Athieno. Limejaa kama nilivyoliweka asubuhi.

"Hii mtoto nakaa mbele ya hiyo kitu kutoka asubuhi," alisema. "Maji naangalia tu."

Nikamuuliza Athieno. Akasema huwa anasahau. Nikasimama mbele yake mpaka akanywa vikombe viwili, akanywa akiwa amekasirika. Maji kwake ni dawa. Anajua tangu akiwa mdogo. Hasahau.

Jumatano, 5 Machi

Hospitali.

Kabla ya chakula cha mchana nilisikia mwalimu anauliza swali na hakuna anayejibu. Akamwita Athieno kwa jina. Kimya. Nikafungua mlango. Alikuwa ameketi wima, macho yako kwenye kioo, ameuma mkono wa sare mpaka umelowa. Machozi yanateremka na sauti hatoi. Nilipomgusa bega akapiga yowe moja, darasa zima likasikia.

Baba Athieno alikuja na pikipiki ya rafiki yake. Tukambeba katikati yetu. Mama mkwe akabaki mlangoni na viatu vya mtoto mkononi.

Dripu imeingia jaribio la tatu. Mishipa imekauka. Daktari ameuliza hanywi maji kwa nini, na mimi mama yake, mwalimu wake wa miaka miwili, nikamwambia sijui.

Ijumaa, 7 Machi

Maumivu yamepungua. Bado wodini. Asubuhi hii amekula ndizi.

Ameniambia mwenyewe. Akinywa maji lazima aende msalani, na akienda msalani kiti kinabaki kitupu. Maumivu yalianza Jumatatu. Alikuwa anakaza meno mpaka mapumziko, kisha anafunga mlango na kulala sakafuni.

Nikasema imetosha. Tukitoka hapa kishikwambi kinarudi kwa Mwalimu Barasa, na sisi tunarudi kwenye vitabu vyetu. Nilisema kwa sauti kubwa, mama wa kitanda cha pili akageuka. Nilikuwa na hasira, na ndani ya hasira kulikuwa na furaha kidogo. Naiandika ili nisijidanganye.

Athieno alijiinua kwenye mto. Kisha akasema, "Mama, ukinifundisha wewe, mimi ni mgonjwa siku nzima. Hata nikiwa mzima. Unaniangalia hivyo. Kule mimi ni mwanafunzi."

Nikamtengenezea mto. Sikujua mikono yangu ifanye nini kingine.

Jumamosi, 8 Machi

Nilimweleza Baba Athieno maneno ya mtoto nje ya wodi, pale kwenye benchi. Nilidhani atasema yeye ndiye aliyekuwa sahihi kuhusu ile shule. Hakusema. Aliangalia chini, akasema na yeye anamwangalia hivyo hivyo.

Tumekaa. Hatukuamua kitu. Sina nguvu ya kuamua.

Jumatatu, 10 Machi

Tumetoka. Athieno amelala kwenye kitanda cha nyanya yake, amekataa cha kwake.

Nimempigia Mwalimu Nekesa. Sijawahi kuongea naye, nilizoea tu kumsikia kupitia ukuta. Nilijiandaa kugomba. Nikamweleza yote, maji, msalani, sakafu.

Aliniomba nirudie ile habari ya sakafu. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nawaambia wenzake wakae kama Athieno."

Hasira yangu ikaishia hapo. Naye amelia, nimesikia.

Tukaongea kama walimu. Nikamwambia dalili za kutazama, lile jicho linavyokuwa, ule mkono unavyoshika meza. Yeye amesema Athieno atakunywa maji na kutoka bila kuomba ruhusa, na siku ya maumivu atazima kamera na kusikiliza akiwa amelala. Atamwandika mgonjwa, si mtoro. Kuhusu nafasi hawezi kuahidi, itabidi amwone mkuu wa shule. Na zile siku za wodini somo halitamsubiri. Wenzake watasonga mbele, yeye atarudi na pengo.

"Pengo hilo sitaweza kuliziba mimi, mama," alisema. "Nina darasa zima."

Nikasema hizo siku niachie mimi.

Sijui kama nimeshinda au nimeshindwa. Nimelala mchana huu bila kuvua viatu.

Alhamisi, 13 Machi

Amerudi darasani leo. Jagi juu ya meza, mbele ya kamera, kila mtu alione. Chebet akamuuliza lile jagi ni la nini. Athieno akamweleza damu yake ilivyo, kwa maneno yake, bila kushusha sauti. Sikuwahi kumsikia akiwaeleza watoto wenzake.

Mlango uko wazi. Hilo ndilo sharti langu pekee. Aliinua macho kunitazama, akasema haya.

Mwalimu wa sayansi anaenda mbio, na Athieno hazijui zile kurasa za wiki iliyopita. Mchana tumeketi pamoja tukazipitia. Nilijitahidi kumwangalia kama mwanafunzi. Ni kazi ngumu. Jicho linarudi lenyewe kwenye midomo yake, kwenye kucha zake.

Jumatatu, 17 Machi

Jibu la mkuu wa shule limekuja kupitia Mwalimu Nekesa. Kiti ni cha Athieno mpaka mwisho wa mwaka. Mwakani wataangalia tena. Huo mradi wenyewe ni wa majaribio, mwakani huenda usiwepo.

Baba Athieno amefurahi. Mimi nimepumua nusu. Mtihani ni mwakani.

Mama mkwe anafunga mizigo. Watu wa Mella wameanza kulima. Akaniambia, huku akikunja kanga, "Wewe pia naenda lala kidogo. Mtoto iko na walimu sasa." Hakunitazama aliposema. Nadhani alinionea huruma.

Jumanne, 18 Machi

Nimemsindikiza mama mkwe mpaka mpakani asubuhi. Sijatembea peke yangu saa za shule kwa muda mrefu. Nikapita sokoni, nikanunua omena, nikasimama kuongea na mwanamke ambaye tuliimba kwaya moja. Hakuna kilichonivuta kurudi mbio. Nilirudi mbio hata hivyo. Nikamkuta anasoma kwa sauti, jagi nusu.

Alasiri alikuja mlangoni na daftari. Insha, kitu kuhusu kijiji cha nyanya. Akaanza kuniuliza neno fulani, kisha akajizuia.

"Acha tu, mama. Nitamuuliza mwalimu kesho."

"Haya," nikasema.

Akarudi mezani. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Tororo. Nikatoka kuanua nguo.