Jaketi la Babu Eino

Jumatatu, 4 Machi

Theluji tena. Shule ilichelewa kufunguliwa, nikasoma sura mbili za historia. Sikumbuki hata moja.

Mama ameamua. Majaketi ya zamani aliyoyakusanya Baba yanauzwa yote — tunahamia Duluth kwa mama mdogo, nyumba ni ndogo. Bwana Pruitt, mkusanyaji wa St. Paul, anakuja Jumamosi kuyachukua. Mama alinieleza haya akimenya karoti, bila kugeuka. Nikasema sawa. Alingoja niseme kingine.

Kazi yangu ni kuandika mwaka wa kila jaketi kwenye kikaratasi na kukifunga kifungoni. Baba hakuandika, yote yalikuwa kichwani mwake, na mengine alinifundisha mimi tu. Baba mdogo Arvo amesema nisijifanye profesa, niandike “kuukuu” kwenye kila moja kisha nije nile. Mama alicheka. Alikuwa hajacheka tangu mazishi ya Baba. Niliona tu kwamba amecheka.

Jumanne, 5 Machi

Chumba cha chini bado kinanuka mafuta ya ngozi. Nilidhani nitalia. Hapana.

La rubani: 1943, rahisi, namba ya oda ya jeshi iko kwenye lebo. La polisi wa pikipiki: mwisho wa miaka ya arobaini, nadhani. Zipu peke yake haiaminiki. Hizi zilikuwa nguo za kazi. Zipu ikikatika mtu alilipeleka kwa fundi, na jaketi la zamani likarudi na zipu changa kuliko lenyewe. Ndiyo maana lazima uangalie bitana, mifuko na uzi.

Lile jekundu la kike ni saizi yangu. Nililivaa mbele ya kioo. Nikalivua.

La mwisho ni la Babu Eino, baba yake Baba. Ngozi ya farasi, nyeusi, imechubuka viwikoni hadi kahawia. Mji mzima wa Hibbing unalijua: Babu alilinunua 1938 kwa mshahara wake wa kwanza wa mgodini, akawa analivaa akienda kanisani kwa pikipiki. Bwana Pruitt ameliomba miaka na miaka, Baba akakataa kila mara. Mama anasema nalo liende. Hakuna wa kulivaa.

Jumatano, 6 Machi

Supu ya Kwaresima kanisani. Njegere. Bi Hautala alikaa karibu yangu, akasema baba yangu hakuweza kudanganya hata kuhusu ukubwa wa samaki aliyemvua, na mwanaume wa hapa asiyeweza hilo ni mgonjwa. Watu wakacheka mezani. Wakaniangalia waone kama nitacheka. Nikala mkate.

Alhamisi, 7 Machi

Nimebakiza la Babu tu. Nilizima taa ya chumba, nikawasha ile ya zambarau ya kukagulia nyuzi. Uzi wa zamani hukaa giza. Uzi wa siku hizi umetiwa dawa ya weupe, hung'aa kama meno. Sikuwa na shaka yoyote. Nilifanya hivyo kwa sababu ndivyo tulivyofanya siku zote.

Kola: giza. Mabega: giza. Lebo: mstari mweupe pande zote nne.

Nikawasha taa, nikaanza upya kama vile silijui jaketi lenyewe. Lebo ni ya 1938. Jaketi si la 1938. Bitana, mifuko, zipu, hata mkato wa kola — yote ni ya 1952 au karibu na hapo. Wakati huo Babu alikuwa na mke na watoto, na pikipiki alikwisha kuiuza.

Mishono ya lebo ni ya mkono, imelalia kushoto. Mkoba wangu wa shule, alioushona Baba, una mishono hiyohiyo. Baba alikuwa wa mkono wa kushoto.

Kwa hiyo alijua. Nilikaa nikisubiri nihisi kitu. Nilihisi njaa.

Ijumaa, 8 Machi

Nilimwambia Baba mdogo Arvo tukiondoa theluji mlangoni. Alisimama, akaegemea koleo.

Jaketi la kweli liliungua, alisema. Baba alikuwa mtoto, alilitundika karibu mno na jiko la sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, likauke. Ngozi ilijikunja kama kipande cha nyama kikaangoni. Ikapona lebo tu. Babu hakumchapa, hakumgombeza. Hakulitaja tena — na hilo, alisema, lilikuwa baya kuliko fimbo. Baba akaitunza lebo mpaka akawa mtu mzima, akatafuta jaketi linalofanana, akaishonea, akampelekea Babu kwenye nyumba ya wazee. Babu akapapasa ndani, akaikuta lebo, akavaa.

Niliuliza kama Babu alidanganyika.

“Macho yalikuwa yamekwisha, akili haikuwa imekwisha. Alilivaa mpaka tukamvua akiwa maiti.”

Baada ya hapo, alisema, Baba angewezaje kurudi nyuma na kusema ukweli? Mama mwenyewe hajui. Nikauliza niandike mwaka gani.

“Andika 1938. Nani ataumia?”

“Bwana Pruitt.”

“Pruitt ana majaketi mia, profesa. Wewe una baba mmoja.”

Akaendelea kuzoa theluji.

Jumamosi, 9 Machi

Bwana Pruitt alifika tukiwa bado na kahawa. Mnene, mpole, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kila jaketi aliligeuza ndani nje, akasoma kikaratasi changu, akaitikia kwa kichwa. La polisi nilikosea. Alinionyesha vifungo, nikasahihisha. Nilifurahi kidogo. Au nilikumbuka kufurahi.

La Babu sikuwa nimelifunga kikaratasi. Alilipokea, akalilaza magotini.

“Hili siligeuzi,” alisema. “Kwa hili neno la baba yako linatosha.”

Mama akaziba mdomo kwa mkono. Baba mdogo Arvo akawa anaangalia dirishani.

Halafu Bwana Pruitt akasema hatalivaa wala hataliuza. Ataliweka ndani ya kabati la kioo kwenye maonyesho ya kiangazi, na chini yake ataandika jina la Baba na mwaka. Wakusanyaji wote wataliona. Wote! Na kila mmoja wao ana taa ya zambarau.

Akanipa kalamu. “Tuandike mwaka gani, binti?”

Niliiweka kalamu mezani.

Nililitoa jaketi magotini pake bila kuomba, nikapanda nalo juu. Naandika hapa sakafuni, mlango nimeufunga. Nimelivaa. Mikono yake imepita vidole vyangu, inabidi niikunje ili nishike kalamu. Sasa nasikia ngazi — ni Mama, namjua kwa hatua zake. Anauliza taratibu kama naumwa.

Nimemwambia aje ndani peke yake. Bwana Pruitt amiminiwe kahawa nyingine, habari hii si fupi.

Kitasa kinageuka.