Kaza au Legeza?

4 Machi

Mama, shikamoo. Hujambo na miguu? Sisi wazima, mjukuu wako kazi yake kunyonya na kulala.

Mama, anamaliza miezi mitatu hujamwona. Kila nikikuita, una nguo za wateja. Nimekukosea nini?

Mwanao

11 Machi

Mwanangu, marahaba. Miguu ipo, cherehani haijaimaliza.

Hujanikosea. Mficha uchi hazai, basi nakwambia: mkojo unanitoroka. Ukinibana, sifiki chooni. Safari ya basi kutwa nzima, nitakaaje karibu na watu? Mumeo asijue.

Mama

15 Machi

Shikamoo mama, na pole sana. Usione haya, ni misuli tu, ile ya chini inayobeba kibofu na kizazi. Imelegea. Ikaze kama unayezuia mkojo, hesabu mpaka kumi, achia, rudia. Fanya hapohapo kwenye cherehani, nani atajua?

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu, marahaba. Mtoto hajambo?

Nimekaza asubuhi hadi jioni, hata mteja akauliza nimemnunia nini. Sasa natokwa na mkojo zaidi, na nyonga zinaniuma. Nikaenda hospitali. Dada wa mazoezi ya viungo akanipima taratibu, akauliza huwa naenda chooni saa ngapi. Nikamjibu fundi haachi mteja amesimama; nabana tangu nilipokuwa najifunza kushona. Akasema misuli yangu haikulegea, imekakamaa, imesahau kuachia. Nivute pumzi tumbo lijae, nilegeze, nikojoe bila haraka.

Wewe kaza, yeye legeza. Nishike lipi?

Halafu, mwanangu, kukaza ulinieleza vizuri mno. Nani alikufundisha?

Mama

20 Aprili

Mama, shikamoo. Nisamehe kukawia.

Mshike yeye. Nilikupa dawa yangu mimi. Tangu nijifungue, nikipiga chafya nalowa, nikimwinua mtoto nalowa. Muuguzi wa kliniki aliyenifundisha alinipima mimi, hakukupima wewe. Na hata sijui kama nakaza inavyotakiwa. Zaidi yake sijamwambia mtu yeyote. Naogopa, mama.

Mwanao

23 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Sijapona, na sielewi bado mtu anajifunzaje kulegea uzeeni. Lakini wateja nimewaambia wangoje. Kondakta nimemuuliza bila haya basi linasimama wapi na wapi, na magauni ya kubadilisha nimefunga. Nikilowa, nimelowa.

Nakuja Jumamosi. Nguo zako usizifiche tena, ziweke kwenye beseni. Tutafua pamoja.

Mama